Kukodi au kukodisha? Kiswahili kinavyoweza kuwaokoa wafanyabiashara wanaozungumza Kifaransa

Mfanyabiashara wa Butembo ana madumu 200 ya mawese yaliyo tayari kuvuka Kasindi kwenda Mpondwe, upande wa Uganda. Kwa Kifaransa angesema "nous disposons de 200 bidons", yaani tunayo madumu 200, mzigo upo. Anachukua simu na kumwandikia mnunuzi wa Kasese kwa Kiingereza: "We dispose of 200 jerrycans." Anaamini amesema ana mali.

Mnunuzi anasoma jambo jingine kabisa. Kwa Kiingereza, "dispose of" ni kuondokana na kitu: kukitupa, au kukiuza ilimradi kitoke. Anajiuliza mafuta hayo yana kasoro gani, kisha anataja bei ya kutupa. Muuzaji anaona amekutana na mlafi. Mnunuzi naye anaona muuzaji anaficha jambo. Biashara inavunjika, na hakuna hata mmoja aliyedanganya.

Mfano huo ni wa kutungwa, lakini mtego uliomo ni wa kweli, na unawanasa watu kila siku kuanzia Kasindi hadi Kobero. Viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huzungumzia sana vikwazo visivyo vya kikodi: vizuizi vya barabarani, mizani, vibali vinavyorudiwa na foleni za malori. Kikwazo cha vitenzi hakitajwi, kwa sababu hakina askari wala geti. Hata hivyo kinamgharimu mfanyabiashara mdogo fedha, muda na uaminifu, na uaminifu ndio mtaji mkubwa wa mtu asiye na benki nyuma yake.

Jumuiya ya lugha tatu

Mkataba ulioanzisha Jumuiya, uliosainiwa mwaka 1999, uliifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi, na katika Ibara ya 137 ukataka Kiswahili kikuzwe kama lugha ya mawasiliano mapana. Wakati huo wanachama walikuwa Kenya, Tanzania na Uganda, na suala la Kifaransa halikuwapo mezani. Rwanda na Burundi zilijiunga mwaka 2007. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipokelewa mwaka 2022, na kwa hatua hiyo soko la Jumuiya likafika hadi bahari ya Atlantiki.

Februari 2021 wakuu wa nchi waliridhia Kiswahili na Kifaransa viwe pia lugha rasmi za Jumuiya. Huo ulikuwa uamuzi mzuri. Lakini uamuzi wa mkutano haubadilishi ankara iliyochapwa Mombasa, masharti ya bima, wala maelekezo ya wakala wa forodha Dar es Salaam. Karatasi za biashara bado zinaandikwa zaidi kwa Kiingereza. Mfanyabiashara wa Bujumbura au Bukavu anaweza kupatana bei kwa Kiswahili kwa mdomo, kisha akasaini kwa Kiingereza.

Hapo ndipo wengi wanapokwama, na dawa wanayopewa haiponyi. Wanaambiwa wakasome Kiingereza upya, kwa vitabu vinavyotafsiri neno la Kifaransa kwa neno la Kiingereza, moja kwa moja. Njia hiyo ndiyo inayozaa makosa. Wengi wao, hasa wa mashariki ya Kongo na wa miji ya Burundi, wana lugha ya tatu inayotenganisha vitenzi hivyo vizuri kuliko Kifaransa, na wanaizungumza sokoni kila siku. Lugha hiyo ni Kiswahili. Mfanyabiashara anayezungumza Kifaransa afundishwe vitenzi vya Kiingereza kwa kupitia Kiswahili.

Silabi moja inayotenganisha watu wawili

Kitenzi kinachostahili kutangulia ni cha lori. Kifaransa kina neno moja, "louer", kwa mwenye lori anayelitoa na kwa mwenye mzigo anayelichukua. Anayesikia "je loue un camion" hawezi kujua kwa hakika ni nani atakayemlipa mwenzake, mpaka aangalie mazungumzo yote. Kiswahili hakina shida hiyo. Mwenye mzigo anakodi. Mwenye lori anakodisha. Silabi moja ya mwisho inaonyesha fedha inaelekea mfuko gani.

Kiingereza nacho kina mtego wake hapo, maana "rent" inaweza kutumiwa na pande zote mbili. Kinachookoa ni neno dogo linalofuata. Anayekodi anasema "hire", au "rent from" akitaja mwenye mali. Anayekodisha anasema "hire out" au "rent out". Kwa nyumba, ghala au kibanda cha soko, anayepangisha anaweza pia kusema "let". Mfanyabiashara akijizoeza kwamba penye "-sha" ya Kiswahili paongezwe "out" ya Kiingereza, hatakosea tena kuandika kama mwenye lori ilhali yeye ndiye mwenye mzigo.

Mfano wa pili ni wa bei. Mfaransa husema "les prix augmentent", bei zinapanda, na husema pia "nous augmentons les prix", tunapandisha bei. Kitenzi ni kilekile. Kiingereza kinavitenga kwa maneno yanayofanana sura: "rise" ni kupanda, "raise" ni kupandisha. "Rise" haihitaji mtendaji. Bei imepanda yenyewe kwa sababu ya soko, mvua au mafuta. "Raise" ni lazima iwe na mtu aliyefanya na kitu kilichofanywa.

Tofauti hiyo inahusu nani abebe lawama. Muuzaji akimwandikia mteja wa siku nyingi kwamba "prices have risen", ameeleza hali ya soko na mlango wa mazungumzo uko wazi. Akiandika "we have raised prices", amekiri kuwa ameamua mwenyewe, na kama walikuwa na makubaliano ya bei ya miezi mitatu, ameyavunja kwa maandishi yake. Hakuna mfanyabiashara wa Kiswahili anayechanganya "bei imepanda" na "nimepandisha bei". Ujuzi huo anao tayari. Anachohitaji ni kuonyeshwa Kiingereza chake.

Orodha inaendelea kwa kanuni ileile. Kukumbuka ni "remember", kukumbusha ni "remind". Anayeandika "remember me on Friday" akitaka akumbushwe salio, amesema kama mtu anayeaga safari ndefu. Kujifunza ni "learn", kufundisha ni "teach", ambapo Kifaransa kinatosheka na "apprendre" kwa yote mawili. Kukopa ni "borrow", kukopesha ni "lend".

Hilo la mwisho linahitaji uangalifu. Kifaransa chenyewe kinatenganisha mkopaji na mkopeshaji, kwa "emprunter" na "prêter", na Kiswahili kinatenganisha kwa kukopa na kukopesha. Lakini neno "azima" ni la kuteleza, kwa sababu mtu husema "nimeazima toroli" na pia "niazime toroli". Hata Nairobi mtu husikika akisema "borrow me" akimaanisha nikopeshe. Kwa hiyo katika maandishi yenye fedha ndani yake, mfanyabiashara akae na jozi ya kukopa na kukopesha, na "azima" aiache kwa ndoo na mizani ya jirani.

Ndugu wa sauti, wageni wa maana

Kundi la pili la vitenzi ni hatari zaidi, kwa sababu mkosaji hana shaka hata kidogo. Ni maneno ya Kiingereza yanayofanana na ya Kifaransa kwa sauti na maandishi, lakini maana zimeachana zamani. Mtu akikosa neno hulitafuta. Akidhani analo, halitafuti. "Dispose of" iliyovunja biashara ya mawese ni ya kundi hili.

"Demander" ya Kifaransa ni kuomba au kuuliza, kwa adabu ya kawaida kabisa. "Demand" ya Kiingereza ni kudai. Katika biashara, barua inayoanza kwa "we demand" kwa kawaida ni barua ya madai, ile ya mwisho kabla ya wakili na mahakama. Mama wa Bujumbura anayetaka kupunguziwa kidogo na kuandika "I demand a discount" anamshtua muuzaji wa Kampala ambaye hajawahi kumkosea. Alitaka kusema "I would like to ask for a discount", naomba unipunguzie. Kama angepita njia ya Kiswahili, angejiuliza: naomba, au nadai? Jibu lingekuja lenyewe, na "ask" ingechukua nafasi yake.

"Ignorer" ni kutojua. "Ignore" ni kupuuza. Mfanyabiashara anayezuiwa mpakani kwa sababu hakulipa tozo fulani, na kujieleza kwa "I ignored this fee", amemwambia ofisa wa forodha kwamba aliijua tozo hiyo na akaidharau. Alichotaka kusema ni "I did not know about this fee". Kutojua kunaweza kusamehewa au kuelekezwa. Kupuuza kunakaribisha faini. Kati ya sikujua na nilipuuza kuna umbali ambao kila mzungumzaji wa Kiswahili anaupima bila kufundishwa.

"Charger" ni kupakia mzigo. "Charge" ni kutoza. Ujumbe wa "we charge on Monday", unaotoka kwa mtu anayefikiri kwa Kifaransa, maana yake lori litapakiwa Jumatatu. Anayeupokea anaelewa kuwa Jumatatu kuna malipo, na pengine kwamba mzigo uko njiani tayari. Wote wawili wanasubiri: mmoja anasubiri kupakia, mwingine anasubiri nyanya ambazo bado ziko shambani. Neno la kupakia ni "load", na la kupakua ni "unload".

"Contrôler" ni kukagua. "Control" ni kudhibiti. Anayeandika kwenye karatasi kwamba bidhaa zake ni "controlled", akimaanisha zimekaguliwa na ziko sawa, amezitaja kwa jina la bidhaa zinazodhibitiwa, zile zinazohitaji kibali maalumu. Badala ya kujiondolea maswali, ameyaita. "Checked" au "inspected" ndiyo maneno ya kukaguliwa.

Kuna pia mnyororo wa vitenzi vitatu unaozunguka kama watu wanaopokezana kiti. "Attendre" ni kusubiri, lakini "attend" ni kuhudhuria. "Assister", ikifuatwa na mkutano, ni kuhudhuria, lakini "assist" ni kusaidia. Kwa hiyo mjumbe wa ushirika anayesema "I assisted the meeting" amejisifu kuwa aliusaidia mkutano, na anayesema "I am attending the lorry" anaeleweka kama anayelihudumia lori. Kusubiri ni "wait for", kuhudhuria ni "attend", kusaidia ni "help" au "assist". Yakipangwa kwa safu ya Kiswahili, mzunguko wote unanyooka.

Na kuna "gagner". Kwa Kifaransa mtu hu-"gagne" mchezo, bahati nasibu, mshahara na faida. Kiingereza kinataka "win" kwa ushindi na "earn" kwa pato la jasho. Kusema "I win two dollars on each bag" kunamfanya mchuuzi aonekane mcheza kamari. Kiswahili kinajua kushinda si kuchuma.

Pale Kiswahili kisiposaidia

Ingekuwa kudanganya kusema Kiswahili kinatatua kila kitu. "Faire" ya Kifaransa na "fanya" ya Kiswahili zina tabia moja: zote zinabeba mzigo ambao Kiingereza kinaugawa kati ya "do" na "make". Mtu hu-"do business" lakini hu-"make a payment", na hu-"make a profit". Hakuna kanuni fupi ya kuaminika hapo. Ni kukariri kwa kutumia, sentensi kwa sentensi, kama mtu anavyokariri bei za soko.

Vilevile, Kiswahili cha Lubumbashi si kile cha Zanzibar. Kina maneno mengi ya Kifaransa ndani yake na viambishi vyake hufuata njia yao. Nchini Rwanda, ambako Kiingereza kilifanywa lugha ya kufundishia mwaka 2008 na Kiswahili kikafanywa lugha rasmi mwaka 2017, wapo vijana wanaojua Kiingereza zaidi ya Kiswahili. Hao watahitaji njia nyingine. Lakini mwanamke anayevusha samaki na mboga mpakani, aliyesoma miaka michache kwa Kifaransa na kuuza miaka ishirini kwa Kiswahili, hahitaji darasa la miezi sita. Anahitaji kuonyeshwa kwamba nusu ya anachotafuta anacho kinywani.

Wapo watakaosema simu imemaliza tatizo hili, kwa kuwa programu za tafsiri ziko mikononi mwa kila mtu. Programu hizo ni msaada mkubwa. Lakini programu hutafsiri ilichopewa. Ikipewa "je loue un camion" haina njia ya kujua kama anayeandika ana lori au ana mzigo, itabahatisha. Ikipewa sentensi ya Kiingereza iliyokosewa tangu mwanzo, itaitafsiri pamoja na kosa lake. Mtumiaji ndiye anayepaswa kujua anachotaka kusema kabla hajabonyeza.

Wengine watasema suluhisho ni Kiingereza kiondoke, na nyaraka zote ziandikwe kwa Kiswahili. Hilo ni lengo zuri, na siku hiyo ikifika makala ya namna hii hayatahitajika. Lakini mzigo wa wiki ijayo haungoji. Mtu anaweza kudai Kiswahili kwenye fomu za kesho huku akijilinda na Kiingereza cha leo.

Ukurasa mmoja mpakani

Kinachotakiwa si mradi mkubwa. Ni ukurasa mmoja wenye safu tatu: Kifaransa, Kiswahili, Kiingereza. Uwe na vitenzi visivyozidi 30, vile tu vinavyogusa mzigo, fedha, bei, muda na forodha. Kila kitenzi kiwe na sentensi moja fupi ya biashara. Ukurasa huo ubandikwe kwenye madawati ya taarifa za biashara mipakani, pale pale wafanyabiashara wadogo wanapojaza cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Mtu anayejaza fomu hiyo ndiye hasa anayehitaji kujua tofauti ya "controlled" na "checked".

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ndiyo yenye jukumu la kukuza lugha hii katika Jumuiya. Kila Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, husomwa hotuba nyingi kuhusu Kiswahili kama lugha ya umoja. Ukurasa mmoja uliobandikwa Kobero, Rusumo na Kasindi ungefanya kazi hiyo mwaka mzima. Kamisheni ikishirikiana na walimu wa Kifaransa wa Burundi na Kongo, na ikawasikiliza mawakala wa forodha wanaoyaona makosa haya kila siku, kazi ya kuuandika haiwezi kuwa kubwa.

Vyama vya wafanyabiashara navyo visisubiri. Ushirika wenye wanachama kumi unaweza kuanza daftari lake. Kila ujumbe ulioleta mkanganyiko uandikwe humo: kilichokusudiwa kwa Kiswahili, kilichoandikwa kwa Kiingereza, na kilichopaswa kuandikwa. Baada ya miezi michache watakuwa na kamusi ndogo isiyouzwa dukani, iliyotokana na biashara yao wenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Usemi huo wafanyabiashara wameuelewa kwa hesabu za fedha, na sasa wauelewe kwa maneno pia, kwa sababu neno lililokosewa nalo ni hasara isiyoandikwa popote.

Wafanyabiashara wa Kampala, Nairobi na Mwanza wana sehemu yao pia. Anayepokea ujumbe wa "I demand" au "we dispose of" kutoka Bukavu asikimbilie kukasirika wala kushusha bei. Aulize kwanza, kwa Kiswahili: unaomba au unadai? Unayo au unaitupa? Swali la sekunde kumi linaweza kuokoa uhusiano wa miaka kumi, na kuuliza si ujinga.

Mfanyabiashara wa Butembo naye ana kinga iliyo rahisi kuliko zote. Kabla ya kutuma ujumbe wowote wa Kiingereza wenye fedha au mzigo ndani yake, aseme sentensi hiyo kwanza kwa Kiswahili, kwa sauti. Nakodi au nakodisha? Bei imepanda au nimepandisha? Sikujua au nilipuuza? Tunapakia au tunatoza? Akishapata jibu, atafute kitenzi cha Kiingereza kinacholingana na jibu hilo, na kile cha Kifaransa akiache nyumbani. Madumu yake 200 yatavuka Mpondwe kwa bei yanayostahili.